Taa Arobaini Mfukoni Mwangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kihistoria! Mama Swichi anastaafu. Katangaza mwenyewe asubuhi, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Onyesho la Jumamosi ndilo lake la mwisho. Miaka ishirini na tisa katika kile chumba cha taa, na sasa magoti yamekataa ngazi. Meneja kamwambia achague mwenyewe mtu wa kukalia kiti chake. Aandike barua, yeye atatia sahihi tu.

Wa kuchaguliwa ni wawili. Mimi, mvuta pazia wa ukumbi huu kwa miaka kumi na miwili, mtu wa akili, mtu wa mbinu. Na Kimya, fundi sauti, mwanamke wa maneno matatu kwa siku.

Nakitaka kile kiti. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme kweli: nakitaka mpaka nakiota usiku. Pazia unalivuta mara mbili, basi, umesahauliwa. Lakini taa! Mama Swichi akipandisha mwanga polepole, watu mia nne wanashusha pumzi pamoja, na hawajui nani kawafanya hivyo. Mimi najua. Huwa nasimama pembeni nikitazama, nasahau kamba iko mkono upi.

Mpango ninao. Ile programu ya taa kwenye kompyuta yake inaweza kuendeshwa kwa simu, bila waya. Nimesoma! Unatembea ukumbini, simu mkononi, taa arobaini zinakutii. Nitaiunganisha kimyakimya, kisha nimwonyeshe. Barua itajiandika yenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Mama Swichi alipoenda kunywa chai, nikaingia chumbani kwake. Nikafungua mipangilio, nikaruhusu simu. Kompyuta ikanipa namba za anwani yake. Nikaziandika kwenye simu moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayetia dawa jichoni. Haipatikani. Nikarudia. Haipatikani. Nikahamia upande wa dirisha. Nikaipuliza simu. Haipatikani!

Kimya akapita mlangoni, akatazama, akasema, "Mtandao si mmoja." Akaenda zake. Maneno ya leo yakawa yamekwisha.

Wivu huo, nikajisemea. Baada ya saa moja na nusu nikagundua kwamba simu yangu iko kwenye waifai ya ofisi ya meneja, na kompyuta ya taa haiko kwenye waifai yoyote. Niligundua mwenyewe. Sikuambiwa na mtu.

Jioni nimeng'oa ruta ya nyumbani, kile kidude kinachosambaza waifai. Mke wangu ni fundi cherehani, wateja wake wote humtumia vipimo kwa simu. Nimemwambia ruta imechemka, naipeleka ikapumzike. Kaniangalia kwa lile jicho lake. Kasema Jumapili ikinikuta bila ruta, nijue pa kulala.

Jumatano, 5 Juni

Ruta nimeificha nyuma ya sanduku la balbu mbovu, mahali pasipoguswa na mtu. Nikaunganisha kompyuta. Nikaunganisha simu. Bado! Kumbe kompyuta ina programu ya ulinzi, inauliza kila mara kama huyu mgeni aruhusiwe. Nami kila mara nilikuwa nabonyeza hapana, kwa tahadhari. Mara ya saba nikapiga moyo konde, nikabonyeza ndiyo.

Taa namba tisa ikawaka.

Jukwaa tupu, viti vitupu, mimi nimesimama katikati ya ukumbi na kidole gumba tu, na ile pale inawaka! Nikaishusha, ikashuka. Nikapandisha zile za bluu za nyuma, polepole, kama anavyofanya yeye, na vinyweleo vikanisimama. Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Nililia kidogo. Waliotengeneza kitu hiki wana akili ya ajabu, na mimi niliyekiunganisha sijambo.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kulenga taa. Kazi hii tangu zamani ni ya watu wawili na makoo mawili. Mmoja juu ya ngazi anaielekeza taa, mwingine chumbani kwenye kompyuta, wanapigiana kelele. Washa kumi na nne! Siyo hiyo! Nimesema kumi na nne! Mchana mzima unaisha hivyo.

Leo nimepanda peke yangu, simu mfuko wa shati. Nikawasha kumi na nne, nikailenga, nikaizima, nikasogeza ngazi. Mama Swichi alikaa mstari wa mbele, miguu kainyoosha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hana la kufanya. Saa moja na robo, zote arobaini! Wachoraji wa mandhari walisimama na brashi zao mkononi, wakipiga makofi. Kichwa kikavimba.

Mama Swichi kasema angekuwa na kitu hiki miaka kumi iliyopita, magoti yangekuwa bado mali yake. Kanisifu mbele ya watu, bila kubania. Kisha akainua kidole, akasema ishirini na mbili inalia, itakufa sasa hivi. Nikatega sikio. Sikusikia chochote. Kabla sijashuka ngazi, ishirini na mbili ikakatika. Masikio gani yale! Mimi nasikia taa zinapokuwa zimeshazima tu.

Akaniambia jambo moja la kazi. Simu ni ya kulengea, siyo ya kuonyeshea. Jumamosi niifunge, nizime na kile kidude nilichokificha nyuma ya sanduku la balbu. Kumbe hapo anapafuta vumbi kila asubuhi. Nikamjibu sawa, mama. Lakini akili yangu ilikuwa imeshafika mbali.

Ijumaa, 7 Juni

Barua bado. Mama Swichi atamkabidhi meneja kesho, onyesho likishakwisha. Kwa hiyo kesho ndiyo kufa kupona.

Mchezo wenyewe ni wa mama mzee anayehama nyumba aliyolelea watoto wake. Mwishoni anabaki peke yake na sanduku, taa zinashuka mpaka inabaki moja. Hapo nami, pembeni mwa jukwaa, kamba mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, nitaongeza namba tisa kwa mbali, rangi ya asubuhi. Watu watauliza ni nani kafanya lile. Nitajitokeza kwa unyenyekevu.

Kikwazo ni kimoja: kikapu. Kabla ya kila onyesho wafanyakazi wote tunatia simu zetu kwenye kikapu cha meneja, naye anakaa nacho mapajani, mstari wa kwanza, mpaka mwisho. Sheria nzuri sana. Niliipendekeza mwenyewe mwaka juzi, simu ya Kimya ilipolia katikati ya harusi ya jukwaani. Nadhani ndipo alipopunguza maneno.

Dawa yake nimeipata. Ninayo simu yangu ya zamani iliyokufa. Hiyo ndiyo itaingia kikapuni. Meneja anakijua kifuko cha simu yangu, kile cha maua mekundu kilicho wazi mbele, kwa hiyo nimemwomba mke wangu anishonee cha pili. Kauliza simu maiti inataka nguo za nini. Nimemwambia ni heshima tu. Kaketi kwenye cherehani, dakika kumi, tayari. Mishono ileile, maua yaleyale, hata mimi mwenye simu siwezi kuvitofautisha! Mke wangu ni fundi hasa.

Simu hai nimeiwekea kioo kisizime kamwe, programu ya taa iwe wazi muda wote, nisije nikachelewa.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma. Watu wameshatoka ukumbini.

Onyesho lilianza saa nane mchana, viti vimejaa. Meneja akapita na kikapu. Nikatia simu bila kuitazama, kwa uso mkavu kabisa. Pazia likafunguka vizuri, nasema vizuri! Mama Swichi akaleta mwanga wa sebuleni, ule wa saa nne asubuhi, unaona hata vumbi la makochi ambalo halipo. Nikatoa simu mfukoni kuhakikisha.

Giza. Nikabonyeza. Giza. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kisha nikakumbuka kwamba maiti haibonyezwi.

Simu hai ilikuwa mapajani mwa meneja.

Nilijipa moyo kwamba iko chini ya simu za wenzangu, haitaguswa. Nilimsahau meneja mwenyewe. Ni mwanamke mkali, lakini mchezo ukianza kuhuzunisha anabubujika machozi, na leso yake huiweka humohumo kikapuni. Bibi jukwaani akaanza kukunja nguo za mtoto wake aliyefariki. Nikaona mkono wa meneja unaingia kikapuni, unapapasa.

Jukwaa likawa jekundu. Lote! Bibi akasita, akaendelea. Mkono ukatoka na leso, ukafuta macho, ukarudisha leso. Kijani! Watu wakanong'ona. Mzee mmoja mstari wa tatu akasema kwa sauti kwamba haya ndiyo mambo ya kisasa. Meneja akazidi kulia, mkono ukarudi, na taa zote arobaini zikaanza kuwaka na kuzima, bibi wa watu kakumbatia shati la mtoto katikati ya radi.

Nikamtupia kamba Kimya, ambaye meza yake ya sauti iko palepale pembeni, nikapanda ngazi za chumba cha taa mbili mbili. Nilitegemea kukuta makelele. Mama Swichi alikuwa ametulia. Kauliza tu waya wa kidude changu ni upi. Nikaonyesha. Akaung'oa. Kompyuta ilikuwa imeshapotea njia, haijui tena tuko wapi kwenye mchezo. Akasema hakuna kuangalia nyuma, tunakwenda kwa mkono, nishike tochi, nimmulikie karatasi.

Basi nikashika tochi. Karatasi hakuiangalia hata mara moja. Alimwangalia bibi. Bibi akivuta pumzi, vidole vya Mama Swichi vinapanda. Bibi akikaa, vinashuka naye. Vidole kumi kwenye vile vitelezi vya zamani vya kupandishia na kushushia mwanga, ambavyo mimi nilivifunika kwa gazeti Jumanne nikiviona takataka. Nimefanya kazi chini ya mwanga wake miaka kumi na miwili na leo ndiyo mara ya kwanza kuuona ukitengenezwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile mikono. Nilitaka isiishe.

Mwisho ulipofika, bibi na sanduku lake, Mama Swichi akazishusha taa zote, akaiacha moja. Kisha akasogea, akaniambia niweke kidole kwenye namba tisa, nipandishe, polepole, polepole zaidi, hapo hapo, acha. Rangi ya asubuhi. Alikuwa ameipanga tangu mwanzo. Watu mia nne wakashusha pumzi. Kidole changu! Chini kule Kimya akavuta pazia, kwa wakati wake hasa.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu kanituma nikaombe radhi. Ruta niliyokuja nayo jana kanikabidhi tena, nipite nayo barabarani mkononi mtaa mzima uione, kisha niirudishe nyumbani mwenyewe.

Nilimkuta Mama Swichi kibarazani kwake, miguu juu ya kigoda. Nikaanza kueleza habari za kifuko. Kaniacha nieleze mpaka nikachoka. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha, akanipa nisome.

Ilikuwa barua ya kumpendekeza mtu wa kukalia kiti chake. Majina yangu, yote matatu, kwa mwandiko wake. Juu kabisa, tarehe: Jumatatu, 3 Juni.

Nikasoma mara mbili. Jumatatu! Kabla ya ruta, kabla ya ngazi, kabla ya yote. Akasema kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiniona kutoka juu, nimesimama pembeni na kamba, mdomo wazi, natazama taa. Wengine wote hutazama waigizaji. Akasema ningekaa tu wiki nzima bila kugusa kitu, leo kiti kingekuwa changu.

Barua nyingine alimpa meneja jana jioni. Kiti ni cha Kimya. Mimi nitakuwa msaidizi wake, mtu wa ngazi na kulenga, kwa mwaka mzima, halafu tutaona. Kimya kakubali. Kasema, "Aje na simu." Kwa kazi ya ngazi tu, Mama Swichi akaongeza haraka.

Iliniuma. Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu bila kuniuliza. Ni mwanamke mkubwa. Sijui ukumbi utakuwaje bila yeye.

Lakini nilipofika nusu ya kikombe, mambo yakaanza kupangika. Kosa lilikuwa wapi? Programu ilifanya kazi. Ruta ilifanya kazi. Taa zilitii kila alipopapasa meneja, zilitii mno! Kosa ni kwamba simu ilikuwa moja. Kama ningekuwa na ya pili iliyounganishwa, ningesahihisha kila kitu palepale pembeni mwa jukwaa, na hakuna ambaye angejua. Mbili, basi. Tatu, kwa usalama.

Mama Swichi akaniuliza, kwa upole, kama kuna nilichojifunza wiki hii. Nimemjibu ndiyo, mama, mengi sana. Kisha nikamwomba simu yake, dakika tano tu.