Tunasikia Mvua, Mwalimu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ujumbe umeingia kwenye kundi letu la kozi: mtahini anakuja Mpanda Alhamisi. Ni Dokta Vénérande, yule wa chuoni asiyecheka. Atakaa nyuma ya darasa langu aangalie ninavyofundisha kwa projekta. Mimi! Peke yangu!

Hadi leo stashahada yangu ya uzamili ya kufundisha kwa TEHAMA ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Kazi zote zilikuwa za vikundi, na mimi ni mwenyekiti wa kuzaliwa. Nilifungua kikao kwa sala, nikafunga kwa sala, katikati Pacifique, mwenzetu wa kikundi, akafanya kazi. Kompyuta sijawahi kuiwasha kwa mkono wangu. Kishikwambi nilichogawiwa, nacho bado kina nailoni yake. Nimekifunga kwenye kitenge cha mke wangu Odeta, kipo chini ya godoro. Naogopa kukiharibu.

Nikianguka mtihani huu naondolewa kwenye kozi. Na Mwalimu Mkuu keshatangaza kwamba nitakuwa mratibu wa TEHAMA wa kata nzima. Kanisani Magamba wameniombea mbele za watu, nimesimama, nimevaa suti. Uso nitauweka wapi?

Chakula cha jioni kimenishinda. Odeta ameuliza kama nina malaria.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata mpango! Nimekwenda Shanwe kwa Pacifique na mchele mzuri wa Mwamkulu. Nikamwomba anipangie picha za somo kwenye kompyuta yake zibadilike zenyewe, mimi nisiguse kitu. Akasema inawezekana, ila ni rahisi zaidi anifundishe kubonyeza kitufe kimoja tu. Nikamwambia sikuja kuomba somo, nimekuja kuomba msaada. Akasema kitu kwa Kirundi. Hakikusikika kama pongezi.

Bado kulikuwa na Goreth. Huyu anafundisha Darasa la Tano hapa shuleni na tuko naye kozi moja. Ana spika yake mwenyewe, anaichaji kila siku, anaringa nayo. Ratiba ya Alhamisi ilisema mimi natahiniwa asubuhi, yeye mchana. Sasa, mtahini wa asubuhi ana macho makali. Mtahini aliyekula ugali na samaki wa migebuka anasinzia. Nikamwendea Goreth nikamwambia namwonea huruma kwa joto la mchana, tubadilishane. Akakubali, akanishukuru sana. Nilijisikia vibaya hadi nilipofika kwenye baiskeli.

Jumatano, 13 Agosti

Leo mazoezi na Darasa la Sita. Tumefanya kama tunavyofanya siku zote mkaguzi akija: anayejua jibu ananyoosha mkono wa kulia, asiyejua ananyoosha wa kushoto, ili mikono yote iwe juu na mimi nijue wa kumchagua. Safari hii nimeongeza utaalamu. Somo ni mmomonyoko wa udongo. Picha ya kwanza, nikiuliza mnaona nini, wanajibu wanaona shamba. Ya pili, wanaona korongo. Mwisho inakuja video, nikiuliza mnasikia nini, wanajibu wanasikia mvua.

Wameshika vizuri mno. Nimewaambia atakayetoka nje ya mstari atafyeka uwanja wa mpira peke yake. Kuna binti anaitwa Candide, anakaa dawati la mbele. Ameuliza, je, picha ikija nyingine? Nikamwambia hiyo si kazi yake.

Projekta yenyewe inatisha. Inanguruma, inapumua hewa ya moto shingoni. Nimeamua kesho nitaipa mgongo muda wote. Nisipoiona, nayo haitanifanya kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika taratibu.

Asubuhi Goreth alifundisha. Umeme ulikuwepo, watoto wake wakabishana, wakacheka, na inasemekana Dokta Vénérande alitabasamu. Ofisini Goreth akanishukuru mbele ya walimu wote kwa kumwachia nafasi yangu. Nikanywa maji.

Mchana ikawa zamu yangu. Mtahini hakula ugali. Alikula ndizi moja akaja na macho yake yote mawili. Pacifique alikuwa ameniunganishia kila kitu, akaondoka kuwahi kwake Shanwe. Nikaipa projekta mgongo, nikatazama watoto, nikaanza.

Mnaona nini? Wakaona shamba. Vizuri. Hapo hapo ile ngurumo nyuma yangu ikanyamaza. Nilifurahi jamani! Nikadhani mashine imenizoea. Nikapata nguvu, nikapaza sauti. Mnaona nini? Wakaona korongo. Nikaeleza korongo kwa mikono miwili. Nikawaambia sasa tulieni, tusikilize. Darasa likawa kimya kabisa. Nje kuku mmoja alikuwa analia. Nikauliza mnasikia nini.

Wakajibu darasa zima: "Tunasikia mvua, mwalimu."

Dokta Vénérande aliacha kuandika. Akatazama ukuta. Akatazama dirishani, ambako kulikuwa na jua la Agosti na vumbi. Ndipo nikageuka. Ukuta mweupe. Projekta imekufa, spika ya shule imekufa, taa ya barazani imekufa.

Sijui nilimalizaje. Nakumbuka niliwashukuru kwa kuona vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijalala. Nimeitwa ofisi ya Mwalimu Mkuu, Dokta Vénérande yumo. Nilikuwa na sababu ya kila aina, umeme, mafuriko ya zamani, wivu wa watu. Hakuniuliza hata moja. Alisema polepole:

"Mwalimu Zefania, umeme ulikatika kabla ya picha ya pili. Mimi niliona ukuta. Watoto wako wanakuogopa wewe kuliko wanavyoamini macho yao."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mwalimu Mkuu alitazama kalenda.

Nikangoja Dokta aniambie nimefukuzwa. Badala yake amenipa nafasi moja ya mwisho, Alhamisi ijayo. Darasa atachagua mwenyewe, siku hiyo hiyo. Vifaa nitawasha mwenyewe. Amesema hajali sana mashine ikizima, mashine huzima. Anachotaka ni kumwona mtoto hata mmoja akishangaa. Nikishindwa hapo, kozi basi.

Goreth amenisubiri nje. Amejitolea kunifundisha kuwasha projekta, kila siku baada ya vipindi, bure. Ametumwa kunichimba, najua. Nimemwambia nina ratiba ngumu.

Jumatatu, 18 Agosti

Hofu yote niliyokuwa nayo wiki iliyopita ilikuwa ya bure. Kosa nimeliona. Niliwaandaa watoto kwa umeme uliopo, sikuwaandaa kwa umeme uliokatika!

Sasa najua mtahini anachotaka. Anataka mshangao, atapata mshangao. Kwa kuwa hatujui atachagua darasa gani, nimeandaa shule nzima, kuanzia Darasa la Tatu. Nikikohoa, ina maana mashine imezima: midomo wazi, macho makubwa, mkono wa kulia shavuni. Asiyejua kushangaa, mkono wa kushoto. Pacifique nimempigia aje Alhamisi kuniwashia mapema, kabla mtahini hajaingia. Hajapokea bado. Kishikwambi nimekiongezea nailoni ya pili, vumbi limezidi.

Mazoezi yamekwenda vizuri. Tatizo ni dogo tu, wanashangaa wote kwa pamoja, kama kwaya. Kesho tutarekebisha.

Aliyeniharibia ni Candide. Nilikuwa bado naeleza, sijakohoa, naye alikuwa ameshaacha mdomo wazi, ananitazama mimi. Nimemuuliza nani kamruhusu kushangaa, akasema hakuna, imemjia tu. Nimempa uwanja afyeke.