Mlango wa Mama Imakulata na Kopo la Rangi ya Bluu

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina!) Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba!) Na ninyi wa rika langu, habari za kuamka? Mmeamkaje na baridi hii ya mlima, vifua havijambo, watoto hawajambo, ng'ombe na punda wote wameamka na miguu minne? (Vicheko. Sauti kutoka nyuma: "Wameamka, malizia!") Sijaanza, mama, nitamaliziaje? Nami ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, na jambo moja lililoko moyoni ambalo nitalifikia kwa utaratibu uliopangwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji chetu cha Mnadani. Mheshimiwa Katekista Modest, mlezi wa roho zetu siku zote ambazo Padre yuko kigango kingine. Mheshimiwa Mama Getruda, kiongozi wa sala wa jumuiya yetu... (Mama Getruda, kwa mazoea: "Utuombee.") Hapana, mama, hii si litania, hii ni itifaki. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maji (umati wote: "Mtuombee!"), Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuifuatilia Kamati ya Maji ("Mtuombee!"), Mheshimiwa Mzee Gidamis, mfugaji, aliyetembea na fimbo yake tangu Dirma ("Utuombee!"), Mheshimiwa Mama Fransiska wa Tlawi, aliyekuja kumsalimia wifi yake hapa Gitting na kujikuta mgeni rasmi ("Utuombee!"), na mimi mwenyewe, Tadeo Sulle, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Hamasa na Misemo Chanya, mhitimu wa darasa la saba na wa semina kumi na moja, cheti kwa kila semina, isipokuwa ile ambayo chakula kilichelewa tukaondoka. (Mama Getruda, taratibu: "Utuhurumie.")

Itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, ndugu wadau, ndugu mastekiholda wote mliosimama na mliokaa juu ya magunia, kwa kuzingatia mpango mkakati wa ofisi yangu, na baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika kwa njia shirikishi, yaani nilikaa mimi na kalamu na daftari likiwa limefunguliwa, ilibainika pasipo shaka kwamba mindiseti ya kitongoji hiki inakabiliwa na changamoto moja mtambuka, na changamoto hiyo ni mlango. (Minong'ono.) Naam, mlango. Nausema mbele ya mwenye mlango, Mama Imakulata wa mashine ya kusaga, ambaye namwona pale ameshika ungo, na ambaye nimemwamkia asubuhi hii mara tatu, naye amenijibu mara moja. (Mama Imakulata: "Moja inatosha, hukuwa watatu.") Asante, mama.

Kwa faida ya mgeni wetu wa Tlawi nieleze. Kwa miaka tisa Mama Imakulata amekuwa akifungua mashine yake, na kabla ya kuwasha injini anachukua chaki na kuandika neno moja mlangoni. Si neno la kutia moyo. Ni neno la mtu aliyeamka na kukuta dunia iko palepale alipoiacha jana. Aliwahi kuandika: "Pongezi hazisagiki. Leta mahindi." (Vicheko.) Aliwahi kuandika: "Nampenda jirani yangu kama Bwana alivyoagiza, na akiwa nyumbani kwake nampenda zaidi." (Vicheko virefu. Mama Fransiska anajifuta macho kwa khanga.) Aliwahi kuandika, siku moja baada ya mkutano wangu wa hadhara: "Ng'ombe wa Dirma wakipiga miayo, ujue hotuba imefika ukurasa wa pili." (Mzee Gidamis anainua fimbo juu. Makofi.) Msipige makofi hapo. Hapo sikuweka alama ya makofi.

Ofisi yangu ikafanya utafiti. Takwimu ninazo. Kwa wastani wa asubuhi moja, watu waliofika kwenye mashine ya Mama Imakulata walikuwa arobaini, na kati ya hao arobaini, waliofika wakiwa na mahindi walikuwa kumi na saba. (Vicheko.) Ishirini na watatu walifika mikono mitupu! Walifika kusoma! Mzee Gidamis huyu hajasoma shule hata siku moja, anashuka na mifugo yake, anasimama mita kumi, anasomewa na yeyote aliyepo, halafu anaondoka akicheka peke yake hadi ng'ombe wanageuka kumtazama. Nikajiuliza, kama mtaalamu: hawa watu wanakula nini katika maneno haya ya uchungu, wakati ofisi inawapa maneno matamu bure nao hawayagusi? Mmoja akaniambia, simtaji, ni Katekista: "Tadeo, maneno matamu yanamfaa mtu ambaye tayari ana raha. Mwenye mbaazi zilizoliwa na wadudu anataka kusikia kwamba hata mwenzake amenuna." Nikaandika jibu hilo kwenye daftari, upande wa changamoto.

Hapo ndipo ofisi yangu ilipobuni mradi mkubwa ambao utekelezaji wake umefikia asilimia tisini na nne, nao ni Kituo cha Kisasa cha Misemo Chanya, chenye ukumbi, maktaba, ubao wa umeme na choo cha wageni, kile mnachokiona nyuma yangu nyuma ya utepe. (Watu wote wanageuka. Nyuma ya utepe kuna mbaazi.) Tutakifikia. Msikimbilie nyuma ya utepe, utepe unakatwa mwisho.

Na kama feizi ya kwanza ya mradi, wiki tatu zilizopita, kwa mkono wangu mwenyewe na kopo moja la rangi ya bluu, nilikuja Mama Imakulata akiwa kanisani, nikaupaka mlango wake wote, nikaandika juu yake kwa chokaa, kwa herufi kubwa: KESHO NI BORA KULIKO LEO. (Injini ya pikipiki inasikika barabarani, inapita.) Mama Imakulata aliporudi aliusoma. Hakugomba. Niliandaa majibu ya kugombezwa, kurasa mbili, lakini hakugomba. Aliweka chaki yake mfukoni mwa gauni akawasha injini. Tangu siku hiyo hajaandika neno. (Mzee Gidamis: "Mimi niliuliza, mlango umekufa?") Uliuliza, mzee, na mimi nikakujibu kwamba umeboreshwa.

Sasa takwimu za baada ya maboresho. Wanaofika asubuhi: kumi na saba. Wenye mahindi: kumi na saba. Ufanisi, asilimia mia moja! (Hakuna makofi.) Hapo niliweka alama ya makofi. (Hakuna makofi. Mbuzi mmoja analia.)

Ndugu zangu, hotuba hii ina kurasa nane na nimefika wa tatu, lakini ngoja niuweke mezani ukurasa huu, niwaambie kitu kama mnavyoambiana ninyi kwa ninyi mkingoja zamu. Naomba kisiandikwe kwenye muhtasari.

Mnamjua mama yangu mzazi, Bibi Bernadina. Hajaja kanisani tangu Pasaka, mguu umekataa, na macho sasa yanaona ukungu hata siku ambayo mlima uko wazi. Nilichokuwa sijawaambia ni kwamba kila asubuhi hakubali uji mpaka aletewe neno la mlangoni. Ni mimi niliyekuwa namletea. Mimi, Kaimu Mratibu. Mlidhani napita pale kukagua. (Sauti: "Tulijua!") Mlijua? Basi. Nilikuwa nasoma, natembea nikirudia mdomoni nisikosee, nafika, nashika kikombe, namwambia. Anacheka, anakunywa. Akikosa kucheka anasema, "Imakulata leo kaamka vizuri, masikini," kisha anakunywa hivyohivyo.

Sasa mnaikumbuka ile wiki niliyowaahidi bomba la maji. Kesho yake mlangoni paliandikwa: "Mvua imechelewa, lakini yenyewe haikuahidi." (Kicheko kinaanza, kinazuiliwa.) Chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka. Nilicheka peke yangu pale mlangoni, halafu nikakumbuka cheo. Nikaenda nyumbani nikiwa nimekunja uso. Nikamwambia mama. Na Mungu ni shahidi yangu, mama yangu alicheka mpaka akashika ubavu, akaomba kikombe cha pili, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mguu uumie, na alikuwa ananicheka mimi, mwanawe wa kumzaa! Akasema, "Tadeo, huyo mama anakujua kuliko mimi." Badala ya kufurahia kikombe cha pili, mimi nikaenda kutafuta rangi.

Siku ya kwanza baada ya rangi nikampelekea neno la ofisi. Nikamwambia, "Mama, kesho ni bora kuliko leo." Akauliza, "Nani kasema?" Nikajibu, "Ofisi, mama." Akauliza, "Huyo Ofisi ana umri gani?" (Kicheko kikubwa. Mama Imakulata anaficha mdomo kwa ungo.) Siku ya pili nikampelekea, "Tabasamu, maisha ni zawadi." Akasema, "Njoo ushike mguu wangu, halafu urudie." Siku ya tatu hakuuliza. Na sasa ni wiki tatu, kikombe anakirudisha nusu, jana amekirudisha kizima, uji umeweka utando juu. Ananiambia tu, "Weka hapo mwanangu." Weka hapo. Mtu akikuambia weka hapo kwa sauti ile, semina kumi na moja hazikusaidii kitu.

Nikamwendea Katekista Modest. Nikamuuliza kama kulalamika ni dhambi. Akanifungulia Ayubu. Akasema, Ayubu alinung'unika sura na sura, na rafiki zake wakaja na misemo chanya, na mwisho wa yote Bwana aliwakasirikia akina nani? Hao rafiki! Nikamwambia, Katekista, mbona huyasemi haya Jumapili? Akasema, "Nilisema Jumapili. Wewe ulikuwa unahesabu mahudhurio." (Vicheko. Katekista Modest anatazama chini.)

Kwa hiyo, ndugu wadau, narudi kwenye hotuba rasmi, ukurasa wa nane, maana hiyo mingine ni ya kunisifu mimi na nimeisikia. (Makofi, ya kwanza ya kumpigia yeye.) Kwa mamlaka ya cheo changu, ambacho pia ni cha kukaimu, natangaza kwamba feizi ya pili ya mradi wetu itajikita katika urejeshwaji endelevu wa mnuno wa asili wa kitongoji, kwa kuwa imethibitika kitaalamu kwamba mtu akisikia dhiki yake imesemwa kwa ufupi na kwa akili, dhiki haipungui, ila yeye anaongezeka. Hiyo sikuinakili popote. Nimeitunga mwenyewe, nikiwa nimeshika kikombe kizima. (Mama Imakulata: "Hiyo si mbaya, Tadeo. Ni ndefu.") Asante, mama. Ni mara ya kwanza leo kunisifu.

Na sasa kaulimbiu, naomba mnisaidie. Misemo chanya! ("Baadaye!") Kesho ni bora kuliko leo! ("Nani kasema?") Mlango wa Mama Imakulata! ("Utuombee!") Hapo nawaachia, hapo hata mimi naitikia.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wa Kituo cha Kisasa cha Misemo Chanya, ambao tunasubiri jibu lao kwa barua ambayo tutawaandikia. Namshukuru mkandarasi, popote alipo, yeyote atakayekuwa. Naishukuru kamati ya ujenzi kwa kutogombana hata siku moja, kwa kuwa haijateuliwa. Namshukuru Mzee Hilary kwa kutuazima shamba lake la mbaazi lionekane kama kiwanja, na naomba mtakapotoka msizikanyage. Utepe ni wa kwaya, urudi kabla ya mazoezi. Ile asilimia tisini na nne ilikuwa kopo la rangi. Sita zilizobaki ni brashi, ambayo nayo niliiazima.

Mama Imakulata, shikamoo kwa mara ya nne. (Mama Imakulata: "Marahaba, mwanangu.") Nimekuletea chaki, pakiti nzima, hii hapa. (Mama Imakulata: "Si za shule?") Nimenunua dukani, mama, muulize Patriki mwenye duka. Rangi ile nilizidisha maji, imekauka kama ubao wa darasani, nimeijaribu kwa kidole na chaki inashika vizuri kuliko mbao. Yale maneno ya ofisi nimeyafuta jana jioni. Andika lolote. Andika la mvua, la majirani, la kitu hiki kilichoitwa kituo. Andika la kwangu, nitalibeba mwenyewe hadi nyumbani nikilirudia mdomoni nisikosee. Bibi Bernadina yuko macho na uji uko jikoni. Nakuomba, mama, unijibu mapema, hapo mlangoni.