Kiendelezi cha Kumnasa Jirani

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeanza ujasusi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anaiga mishono ya mke wangu, sina shaka. Juzi mikono ya puto kwetu, leo mikono ya puto kwake! Anachungulia ukurasa wetu wa mtandaoni, ila ushahidi ndio sina. Dawa nimepata: kiendelezi, kijiprogramu cha kubandika kwenye kivinjari, kinachoonyesha kila anayetembelea ukurasa wako. Bure! Kikaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote. Nimeguswa. Siku hizi nani anaomba ruhusa? Shemeji, mdogo wake mke wangu, huingia mpaka jikoni bila hodi. Nimebofya Ruhusu.

Jumanne, 5 Machi
Kiendelezi kinachapa kazi. Wageni wa leo: mke wangu, mimi, na mtu anayeitwa Mgeni. Ndiye huyo! Kila Mgeni akitokea, nakimbilia dirishani kumtazama jirani. Kila mara nimemkuta anapiga pasi. Mjanja sana yule mama.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Kuna bibi harusi aliyemwagiza mke wangu gauni lake na magauni ya wasimamizi wake wote. Hatujapata kazi kubwa kama hii. Jana alituma vipimo vyake kwenye ukurasa wetu, kwa haya, akiomba visionwe na mtu mwingine. Ukurasa ukamjibu kwa tangazo la dawa ya kuyeyusha tumbo. Mara tatu! Amepiga simu analia. Kitambaa anakipeleka kwingine, na kwingine kwenyewe ni ng'ambo ya barabara. Mke wangu hakunigombeza, ingawa anajua kompyuta naichezea mimi. Alikaa kwenye cherehani bila kushona. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja, hodi hakuna. Kakigundua kiendelezi mara moja. Eti kitu hicho hukaa ndani ya kivinjari, huona kila ukurasa unaofungua na kila herufi unayochapa, nywila ikiwemo, kisha huandika kwa jina lako. Nikajitetea kwamba kiliomba ruhusa. Akaniuliza, "Sasa shem, mwizi akikuomba funguo kwa adabu, utampa?" Nikamjibu inategemea ameombaje.

Kimefutwa. Mke wangu kabadilisha nywila. Alipokuwa anaichapa, aligeuza kompyuta upande wa pili nisione. Hatujawahi kufichana kitu. Nimeumia sana.

Nimekaa nawaza. Kiuno kile hakikuwa changu, wala aibu ile. Binti wa watu alimwamini mke wangu, mimi nikamfungulia mlango mtu nisiyemjua. Ruhusa niliyoitoa haikuwa yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Tumekwenda kwa kina bibi harusi. Nimeomba radhi mbele ya mama yake mzazi, nikitazama zulia. Binti akataka kujua kama na mimi nilivisoma vipimo vyake. Nikamwambia sikuvisoma, na huo ndio ukweli. Mwishowe kakubali kitambaa kibaki kwetu, kwa sharti moja: ujumbe wake asiuguse mtu isipokuwa mke wangu. Yakitokea tena, basi. Njiani mke wangu kanishika mkono.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kaninong'oneza nywila mpya! Kasema kachoka kuishi na mimi kama na mpangaji. Kaniomba niilinde kama macho yangu. Nimeapa, machozi yakinilengalenga.

Alipotoka, wasiwasi ukanishika. Je, nywila yenyewe ni imara? Nimetafuta, nikapata tovuti inayopima uimara wa nywila. Hakuna cha kubandika, hakuna cha kuruhusu. Sidanganyiki tena mimi! Unaandika nywila yako tu, wanakupimia. Imara kabisa, wamesema. Nimejivunia mke wangu. Wakaomba na jina la ukurasa, ili watuandikie cheti. Nimewapa. Nitakitundika juu ya cherehani, ajue mume wake halali kazini.