Ufunguo wa Akiba kwa Adui

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Binti yangu kapiga simu. Eti wezi wanaingia kwenye akaunti za simu za watu, nami niweke ulinzi. Nikamuuliza anajua anaongea na nani. Miaka thelathini na moja nimetunza stoo ya shule, haikupotea hata chaki. Akasema, baba, sauti za mama zimo humo. Ni jumbe kumi na nne za marehemu mke wangu, zote ananigomba. Nasikiliza moja kila asubuhi na chai. Kwingine hazipo.

Basi nimeweka ulinzi. Peke yangu, bila miwani. Neno la siri jipya, refu, sikuliandika popote. Simu ikataka namba ya mtu wa kutumiwa tarakimu sita siku nikikwama. Binti alitaka niweke yake. Hajui kazi huyu. Ufunguo wa akiba hauwekwi kwa ndugu, maana kwa ndugu ndiko mwizi anakoanzia. Unawekwa kwa adui. Nimeweka namba ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Hatusalimiani tangu anishonee suruali ya kustaafia, mguu mmoja mfupi. Nani atamshuku?

Jumanne, tarehe 4
Simu imeuliza: je, ni wewe unayeingia? Nikabonyeza Hapana. Simjibu mtu asiyejitambulisha. Ikanishukuru, ikanitoa nje.

Sasa inataka neno la siri. Nakumbuka lilikuwa refu. Nimejaribu jina la mke wangu na mwaka tuliooana. Mwaka gani hasa? Yeye ndiye alikuwa anaujua. Nikajaribu miaka mitano. Ikafunga mpaka kesho. Chai leo haikushuka.

Jumatano, tarehe 5
Nimeomba tarakimu ziende kwa fundi. Nikakaa kibarazani nimsubiri azilete. Akatazama simu yake, akakunja uso, akairudisha mfukoni. Nikaomba tena. Mara nne! Mwisho nikamsikia akiwatambia wateja kwamba kuna tapeli anamtumia namba tangu asubuhi, naye anazifuta zote, yeye si mjinga.

Binti kauliza hali ya akaunti. Nimemwambia iko salama kabisa. Si uongo. Hata mimi siingii.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwenda. Nimebeba ile suruali ili nionekane mteja. Nikasalimia cherehani. Fundi akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamweleza. Akagoma. Ujumbe umeandikwa usimpe mtu yeyote hizi namba, na mimi, kwa alivyoona, ni mtu yeyote. Nikasema ni zangu. Akasema zimekuja kwake. Tukabishana mpaka zikaisha muda, zikaja nyingine, nazo zikaisha.

Ndipo akauliza kuna nini humo cha kunivusha barabara baada ya miaka mitatu. Nikamwambia. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Akavaa miwani, akanisomea tarakimu mpya moja moja, mara mbili, polepole kama anapima kitambaa.

Ikafunguka. Kidole kikateleza, sauti ya mke wangu ikajaa kibanda kizima: mzee wewe, acha ukaidi, ipeleke hiyo suruali kwa fundi airekebishe, binadamu hukosea. Sote tukatazama chini. Fundi akauchukua ule mguu mfupi wa suruali, akaushusha pindo bila kunipima.

Ijumaa, tarehe 7
Fundi kaja asubuhi na kikombe chake. Tumesikiliza ujumbe wa pili pamoja, ule wa mimi kuacha mlango wazi. Amecheka mpaka machozi. Mtu mwema sana, nilimdhania vibaya.

Ila hapo ndipo tatizo. Sasa ni rafiki. Anaingia kwangu, anakunywa chai, watu wanatuona. Ufunguo hauwezi kubaki kwake hata siku moja. Nimeifuta namba yake alipoondoka, nikaweka ya shemeji yangu, ambaye hatujasemezana tangu mazishi. Neno la siri nalo nimebadili, refu kuliko la kwanza.

Namba ya shemeji nimeitoa kwenye daftari la zamani. Tarakimu ya mwisho imefutika, ni moja au saba. Nimeweka saba. Kama mimi mwenyewe sina hakika, mwizi ataanzia wapi?