Mhimili Ulionepa Hadi Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa! Miaka ishirini na sita nafundisha usanifu wa mihimili, boriti zinazobeba sakafu na madaraja, kwa chaki na ubao, leo Mkuu wa Idara anatangaza kikaoni kwamba huenda somo akapewa mwalimu mpya. Binti wa juzi! Ana programu ya kompyuta inayochora mhimili kwa rangi, ndiyo maana namwita Binti Rangi. Mkuu kasema Ijumaa kila mmoja wetu atafundisha saa moja mbele yake, kisha ataamua. Wenzangu wakapiga makofi. Makofi ya nini? Mihimili ndiyo kazi yangu. Wakininyang'anya, nitabaki nani mimi? Msimamizi wa mitihani!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kumpeleleza. Nikakaa nyuma kabisa, gazeti usoni. Binti Rangi akaniona papo hapo, akaniamkia shikamoo mbele ya darasa zima. Mnafiki! Mhimili wake uko ukutani, kwa projekta. Mwanafunzi anausogeza mzigo kwa kidole, mhimili unanepa, katikati panakuwa pekundu. Wakihamisha nguzo, rangi nazo zinahama. Wanafunzi wanacheka, wanauliza, wanabishana. Darasani kwangu, kwa miaka yote hiyo, nakumbuka swali moja tu: kama wanaweza kufungua dirisha. Hiyo ndiyo nidhamu.

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimemwambia katibu muhtasi aniwekee programu hiyo hiyo kwenye kompyuta yangu. Dakika mbili tu. Nikamfukuza, asije akatangaza kwamba kanifundisha. Nikaingiza vipimo vya jengo letu wenyewe: mhimili wa mita tisa unaobeba sakafu ya ukumbi wa juu, ambamo tutafundishia Ijumaa. Chini yake ni ofisi yangu. Nikabonyeza.

Mungu wangu! Umenepa kama kamba iliyoanikwa mablanketi. Katikati pekundu tupu! Nikapima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, nikalinganisha na kimo cha dari. Umeshuka hadi kifuani pangu! Nikainua macho: mhimili umenyooka. Unajikaza tu, nikajua. Macho hudanganya, hesabu haidanganyi.

Mpango: nanyamaza hadi Ijumaa. Binti Rangi akiwa katikati ya madoido yake, nasimama, naokoa watu wote, somo linabaki kwangu. Mke wangu kauliza, kama jengo linaanguka, mbona nangoja Ijumaa? Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisini natembea kwa kuambaa ukuta. Nimehamishia koridoni vitabu vyangu, kikombe changu na cheti changu cha shahada. Mfagiaji kaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Hata mfagiaji!

Ijumaa, 7 Machi

Alianza Binti Rangi. Dakika ya kumi nikasimama, nikavaa kofia ngumu ya kuazima, nikapiga ukelele kwamba sakafu inakwenda, watu watoke! Mkanyagano! Watu themanini juani, Mkuu na kiatu kimoja. Tukalitazama jengo. Likatulia tuli, halina hata aibu.

Mkuu akadai ushahidi. Nikawafungulia kompyuta yangu, niliyotoka nayo kwapani, kifua mbele. Binti Rangi akainama, akaniuliza taratibu kama nimeiona namba ile pale pembeni. Mia tatu. Akaeleza kwamba picha huukuza mnepo mara mia tatu ili jicho liuone. Mnepo wenyewe ni milimita sita, na hata sakafu iliyo imara hunepa hivyo siku zote. Wekundu nao huonyesha tu palipoelemewa zaidi. Mwanafunzi mmoja akadakia kwamba hilo walifundishwa siku ya kwanza. Nani kamuuliza?

Basi, somo limekwenda. Mkuu kaamua pale pale, huku akitafuta kiatu. Zamu yangu ya kufundisha hata sikupewa! Tena kaniamuru nikae darasani kwa Binti Rangi hadi mwisho wa muhula, nijifunze. Yule binti akaniombea niachiwe walau saa moja ya ubao kila wiki, eti hakuna anayechora mhimili kwa mkono kama mimi. Ananihurumia! Afadhali angenitukana. Nimeikubali hiyo saa, lakini kwa kinyongo.

Nilipofika nyumbani sikula. Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilijua tu kwamba atasema hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa mstari wa mbele, kalamu mbili, daftari jipya. Binti Rangi kaweka ukutani daraja la mtoni, lile lile ninalolivuka kwenda na kurudi kazini. Akaweka lori moja juu yake. Daraja likanepa! Akauliza limeshuka kiasi gani katikati. Vijana wote wakatazama pembeni kutafuta namba. Wavivu! Mimi nikainuka, nikatoa rula, nikapima palepale ukutani. Sentimita kumi na nane na nusu! Darasa likaangua kicheko, hata Binti Rangi akajifunika mdomo. Wacheke. Atakayecheka mtoni tutamwona.

Nimerudi nyumbani kwa kuzunguka, kilomita saba kwa miguu, malengelenge visiginoni. Kesho nitamwandikia Mkuu wa Idara barua kuhusu daraja hilo, nakala kwa meya. Nimemkataza mke wangu kulivuka. Kasema amelivuka leo mara mbili, mara ya pili akiwa na gunia la mkaa.

Bahati yake tu.