Shosho wa Kuazima

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Naitwa Wainaina Mbuthia. Miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mkaazi wa Kinoo. Shirika moja la vijana lenye ofisi mjini linataka vijana kumi waende Kigali kwa wiki nzima, bure, na fomu inasema hivi: Jitambulishe. Eleza kilichokujenga. Maneno mia tano. Nimekaa mezani tangu asubuhi. Nina maneno kumi na moja, na mawili kati yake ni jina langu.

Tatizo ni wazazi. Baba ana ploti za kupangisha. Mama ni mwalimu. Hawajaachana. Hawanipigi. Sijawahi kulala njaa, isipokuwa ile siku nilipokataa githeri kwa hiari yangu. Mtu atashindaje na historia kama hii? Wenzangu darasani wana mafuriko, wana baba waliopotea. Mimi nina friji.

Na kuna Debra, binamu yangu wa Waithaka. Alichaguliwa mwaka jana. Tangu hapo Mama hawezi kunimiminia chai bila kumtaja. Isitoshe, nimeshalitangazia darasa zima kwamba naenda Kigali. Nikiachwa, itabidi nihame shule.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeandika! Kwamba nimelelewa na shosho yangu, yaani nyanya, kwenye mabanda ya Kangemi, chumba kimoja. Anauza chapati. Nasoma kwa taa ya koroboi. Wazazi sikuwaua, niliogopa. Nimesema tu kwamba hawapo. Na ni kweli, wakati huo walikuwa kanisani kwa maombi ya Jumanne.

Yalibaki maneno sitini. Shida zilikuwa zimeniishia. Nikajaza nafasi na habari za mwanamke ambaye akikasirika hasemi neno, anaenda jikoni na kuanza kupanga vijiko upya kwenye droo, kimoja kimoja, nami nikiwa chumbani nahesabu kila kijiko na kujua adhabu inanijia. Huyo ni Mama. Nikamwita shosho. Nimetuma.

Ijumaa, 11 Aprili

Niko kwenye ishirini bora! Nimeruka juu ya kitanda hadi ubao mmoja ukavunjika. Kisha nikasoma aya ya pili. Afisa wao atamtembelea kila mteule nyumbani, aone anakoishi na azungumze na waliomlea. Kwangu ni Alhamisi saa nne asubuhi. Mzazi au mlezi atie sahihi.

Nikaikunja barua vizuri ili pale palipoandikwa Kangemi pasionekane, nikampelekea Mama akiwa anasahihisha mitihani. Alisoma, akatia sahihi, akanikumbatia, akalia kidogo. Kisha akaipiga picha. Sikujali. Mama hupiga picha hata sukuma wiki.

Jumamosi, 12 Aprili

Kangemi. Nimemtafuta Dalmas, fundi wa mawe anayemjengea Baba. Mkewe, Awiti, huuza chapati karibu na soko, na wana chumba. Nilipoeleza mpango wangu Dalmas alicheka hadi akashika ukuta. Awiti hakucheka. Nilimwambia atakuwa shosho yangu kwa saa moja tu.

"Shosho? Mimi? Hebu niangalie poa."

Nikaangalia. Miaka arobaini na miwili, nywele zimesukwa jana, kucha nyekundu. Nikapendekeza kitambaa cha kichwani. Akasema nikilitaja neno kitambaa tena atanipiga kwa kile kijiti cha kusukumia chapati.

Tumeelewana hivi: atakuwa shangazi aliyenilea baada ya shosho kufariki. Kwa malipo, nitamkandia unga siku tatu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nimemuua shosho ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nimesikia huzuni kidogo, nikanunua muhogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mikono hii si yangu. Kilo kumi za unga! Awiti anasema ninachotengeneza ni soli za viatu. Wateja walikula hivyo hivyo, wakinung'unika. Mzee mmoja wa kazi za mjengo aliniuliza kwa upole kama nimefukuzwa nyumbani. Nilifurahi sana. Naanza kufanana na mtu mwenye shida.

Nimemwuliza Awiti koroboi wanaiweka wapi. Alinitazama kwa huruma, akabonyeza swichi. Wana stima. Wana televisheni kubwa kuliko yetu. Nikamwomba tuifunike kwa shuka siku ya mgeni. Akasema shuka nilete mimi, na iwe safi.

Mama ameniuliza mbona nanuka mafuta. Nimemwambia ni mazoezi. Hakuuliza zaidi, jambo ambalo si la kawaida yake. Siku hizi ananitazama na kutabasamu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeenda hadi soko la Kamukunji kutafuta koroboi. Muuzaji aliniuliza kama ni ya mchezo wa kuigiza. Nikasema ndiyo. Ni jibu la kwanza la kweli nililotoa wiki hii.

Nimerudi nikakuta nusu gunia la viazi jikoni na kuku wanne uani. Mama amesema ni vitu vya Pasaka. Pasaka ni Jumapili, na sisi tuko watatu. Lakini nilikuwa nimechoka, nikalala.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Nilitoka alfajiri, nikamwambia Mama naenda kumpokea mgeni; baadaye ningesema hakutokea.

Afisa, Bi Manjula, alifika Kangemi saa nne kamili, na faili na miwani. Awiti alikuwa amevaa utadhani anaenda harusini. Koroboi ilikuwa mezani. Televisheni ilikuwa chini ya shuka yenye picha za magari, shuka yangu ya utotoni, maana safi ilikuwa hiyo tu. Dalmas alijificha nyuma ya pazia kwa sababu hatukumwandikia sehemu yake.

Mambo yalianza vyema. Awiti aliulizwa mimi ni mtoto wa namna gani, akasema ni mzuri ila mikono haina nguvu. Bi Manjula akaandika. Kisha akasema kilichomfanya anichague ni vile vijiko. Alisoma aya ile mara tatu, akamkumbuka mamake mwenyewe. Akaomba, kama haitakuwa usumbufu, aione hiyo droo.

Hakuna droo. Vijiko vya Awiti viko kwenye mkebe, na ni vinne. Awiti alinitazama. Nikautazama mkebe.

Simu ya Bi Manjula ikalia. Kwa kuwa alikuwa ameshika kalamu, aliiweka simu mezani kwa spika, sauti ikatoka kwa wote. Nilimtambua kabla hajamaliza kusema haloo.

"Haloo, hapa ni Mama Wainaina, Kinoo. Mmefika wapi? Tumeweka tenti. Kina mama wa kanisa wameimba mara mbili na chakula kinapoa."

Bi Manjula alivua miwani. Aliniuliza, bila hasira yoyote, nina mama wangapi. Pazia likaanza kutikisika kwa kicheko.

Ile picha ya barua, kumbe, ilikwenda moja kwa moja kwa kundi la kina mama wa kanisa! Chini yake Mama aliandika: mgeni anakuja kwa ajili ya mtoto wetu, Alhamisi saa nne, namba ya simu ndiyo hii. Kwetu mgeni wa heshima hapokewi na mtu mmoja.

Tulienda Kinoo kwa gari la Bi Manjula, mimi kiti cha nyuma na koroboi mapajani. Awiti alikaa mbele. Alisema hawezi kukosa kuku baada ya kazi yote ile. Tenti ilikuwepo kweli. Kina mama ishirini, vitenge sare. Baba alitoa hotuba kwamba mtoto wake hajawahi kukosa kitu tangu azaliwe. Alirudia mara tatu, akazitaja ploti zote. Bi Manjula aliandika. Kisha Mama akamwuliza Awiti, kwa adabu, yeye ni nani.

"Mimi? Si ndio mimi nimemlea huyu."

Mama hakusema neno. Aliingia jikoni. Tukavisikia vijiko, mimi na Bi Manjula, naye akaacha kutafuna.

Jumanne, 22 Aprili

Wamepiga simu. Nimeondolewa. Bi Manjula alieleza polepole kwamba hakuna mahali fomu iliponiuliza nimeteseka kiasi gani. Kati ya kumi waliochaguliwa kuna mtoto wa daktari wa meno aliyeandika kuhusu kuogopa mbwa. Mbwa! Akasema vijiko peke yavyo vingenifikisha Kigali.

Nimelia bafuni, maji nikiyaacha yatiririke ili wasinisikie. Niliitaka ile safari. Niliitaka vibaya sana.

Baba ameamua nibebe mawe na Dalmas mpaka shule ifunguliwe. Mama amempigia Debra aje kunishauri. Sijui adhabu ipi ni kubwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Debra alikuja jana kutoka Waithaka, akakaa kwenye kiti changu na kuniambia, kwa sauti ya mchungaji, kwamba sasa nimejifunza kusema ukweli wangu. Nikasema nimejifunza. Akaniachia tangazo la shindano jingine. Vijana watano, Kampala, siku nne. Simulia kosa lililokubadilisha.

Nimelifikiria siku nzima nikibeba mawe. Kosa langu ni hili la Kangemi tu. Lakini ukilitazama vizuri, ni nini hasa? Kuna tenti, kuna kuku, watu wamekula wakashiba. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata polisi mmoja. Ni kosa dogo mno, haliwezi kumfikisha mtu hata Naivasha.

Saa ya chai nimemwuliza Dalmas kama anamjua mtu yeyote aliyewahi kufungwa. Anasema yuko Ndungu, jirani yake. Alikaa ndani miezi sita, na anapenda sana kusimulia. Nakutana naye kesho tukitoka kanisani. Nitambebea soda.