Wati Elfu Tatu za Crescencio Pupo

Mimi, Crescencio Pupo Almaguer, nina miaka themanini na mbili, na nimekizika kiwanda cha sukari, nimeizika reli iliyokuwa ikikihudumia, nimezika wake wawili, pikipiki moja ya Kirusi iliyoapa itanizika mimi, na madaktari watatu walionikataza kahawa. Vimbunga sivitaji kwa majina visije vikadhani naviita. Shule nilifika darasa la tatu nikaona panatosha. Hotuba hii niliitoa mwenyewe hapa Jobo Quemado, kwenye ngazi za lililokuwa duka la viatu la Arsenio, na naiandika kama nilivyoisema, pamoja na makofi yake, kwa sababu wapo watu wanaosema makofi hayakuwepo.

Mheshimiwa Mjumbe wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini yuko nasi kimawazo; Mheshimiwa Naibu wa Mjumbe, ambaye hakuweza kufika kumwakilisha; Ndugu Sajenti Leonel Cruzata, jicho na sikio la usalama barabarani, ambaye amefika kwa kuwa kituo chake kiko hapo ng'ambo ya barabara; Wakuu wa Idara zote zilizopo na zile ambazo mchakato wake unaendelea; Ndugu wastaafu, Ndugu vijana, Ndugu wauza karanga; Ndugu wanafoleni wa mbele, wanafoleni wa kati, na nyinyi wa kule nyuma mnaoongea wakati mimi naongea: salamu za kimapinduzi na za kiutendaji!

(Makofi. Wengine wanadai watu walikuwa wanaua mbu. Mbu hawaji saa tatu asubuhi.)

Nimesimama mbele yenu bila kipaza sauti, kwani umeme umekatika tangu jana, na kifua changu hakijawahi kukatika, ili niwasilishe Taarifa ya Utekelezaji wa Mpango Mkakati Jumuishi wa Utoaji wa Leseni za Pikipiki za Umeme Zenye Nguvu Kubwa, mpango ambao mimi ni Mratibu wake, Msimamizi wake na, kama historia itakavyokiri, mwanzilishi wake. Sheria, ndugu zangu, ni rahisi kwa mtu mwenye kichwa. Pikipiki ya umeme isiyozidi wati elfu moja, isiyopita kilomita hamsini kwa saa, huyo ni mtoto: vaa kofia ngumu, mpande, nenda zako. Ikizidi hapo huyo ni mtu mzima, na mtu mzima lazima awe na namba nyuma, na anayempanda awe na leseni mfukoni, la sivyo Ndugu Sajenti anamchukua na kumfungia uani kwake mpaka leseni ionekane. Na sheria haiangalii sura ya mtu wala machozi yake. Inaangalia kibandiko, kile cha rangi ya fedha chini ya kiti, kinachosema wati ni ngapi.

(Kicheko upande wa vijana. Hapa Jobo Quemado kila mwenye pikipiki kali ameibandika kibandiko cha wati mia tisa, na Sajenti anajua, na wao wanajua kwamba anajua. Aliyeacha kibandiko cha kweli ni mmoja tu, Yusleidis Tamayo, yule anayewapaka watu rangi za kucha, na ndiye aliyenyang'anywa pikipiki, kwa sababu kibandiko kikisema kweli Sajenti hana pa kujificha.)

Mimi, kwa kuwa uongozi ni mfano, sikubandika uongo wa kujidunisha kama hawa vijana. Pikipiki yangu ile pale, nyekundu, imeegemea ukuta. Someni! Wati elfu tatu, tarakimu kubwa kuliko za wote. Na Ndugu Sajenti hajaisimamisha hata siku moja, kwa heshima ya ofisi yangu.

"Babu Crescencio!" Huyo ni Osniel, kijana wa karakana ya matairi. "Mbona juzi kuku wa Mirtha alikupita pale kwenye kilima?"

Nilimpisha, kijana. Mwenye nguvu humpisha mnyonge, imo kwenye kanuni, utaisoma siku utakapojua kusoma.

(Kicheko kirefu. Kilikuwa cha kumcheka Osniel.)

Sasa niingie kwenye takwimu. Ndugu zangu, tangu nishike uratibu, ajali za pikipiki za umeme katika mji huu zimepungua kwa asilimia tisini na nane, na katika siku ambazo umeme haukuonekana zimepungua kwa asilimia mia moja, jambo ambalo hata nchi zilizoendelea hazijaliweza. Ajira: Ndugu Eulalia aliyekuwa akiuza karanga stendi, kusikokuwa na basi, sasa anauza hapa, kulikojaa watu, na ameongeza kinywaji cha mizizi. Mshikamano wa kijamii: ndoa moja imefungwa ndani ya foleni, na nyingine imevunjika. Na ushahidi mkuu wa mafanikio ni foleni yenyewe, inayoanzia kwenye ngazi hizi, inakata kona ya duka la dawa, inaishia kwenye uwanja wa besiboli, na bado inakua. Ofisi gani nyingine wilayani ina foleni kama hii? Watu wazima wenye akili zao wanaweza kupanga foleni ya kitu kisichokuwepo?

(Hapa nilisubiri makofi. Nikasubiri.)

"Mzee Crescencio, samahani nakukatiza." Ni Yusleidis, amesimama pembeni ya kiti cha mama yake. Mama yake ni Caridad, mwanamke tuliyecheza naye dansi kiwandani enzi zile, na sasa damu yake husafishwa kwa mashine kule hospitali ya Las Parras mara tatu kwa wiki. Alikuwa amekaa na mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri treni. "Mama ana zamu ya mashine saa tano. Siku zote tunakwenda na mkokoteni wa Ñico, na leo farasi wake anachechemea. Akichelewa wanampa mtu mwingine nafasi, na wiki iliyopita alichelewa mara moja, ukamwona alivyovimba miguu. Mimi nataka pikipiki yangu. Huo mlango unafunguliwa lini?"

Swali zuri sana hilo, Ndugu Yusleidis, linaonyesha upeo mpana, na jibu lake linahitaji kwanza tutazame mfumo mzima kwa mapana yake, tubaini changamoto, tuainishe wadau, halafu...

"Lini, mzee?"

Mlango utafunguliwa ndani ya kipindi cha utekelezaji.

(Mtu akapiga mluzi. Namjua, na baba yake alikuwa hivyo hivyo.)

Ndugu zangu, tusisahau tulikotoka! Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye ngazi hizi, mbele ya mlango huu, wakati mji wote haujui hata leseni inaanzia wapi. Akaja huyu huyu Yusleidis, ametoka uani kwa Sajenti, amebeba kofia ngumu bila pikipiki, macho mekundu. Akaniona nimekaa mbele ya mlango uliofungwa, akauliza kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyouliza: "Wa mwisho nani?" Mwanamume hamwachi mwanamke anayelia na swali lake hewani. Nikamjibu: "Mimi." Akaketi. Akaja Osniel, akauliza, akajibiwa, akaketi. Kufika jioni tulikuwa taasisi!

"Ni kweli," akasema Yusleidis. "Nilikuuliza wa mwisho nani. Lakini kuna swali la pili, mzee, na siku ile sikuliuliza kwa sababu ya kulia."

(Kila mtu hapa analijua swali la pili tangu ananyonya. Foleni yetu haisimami kwa mstari. Ukimpata wa mwisho unamuuliza na yeye yuko nyuma ya nani, ili akiondoka kwenda kupika au kunyoa usipoteze nafasi yako. Ndivyo watu wote wanavyoshikana mpaka kwa wa kwanza, na wa kwanza anashikana na dirisha.)

"Mimi niko nyuma yako," akasema. "Wewe uko nyuma ya nani?"

Mimi ni wa kwanza, binti yangu.

"Wa kwanza wa nini? Kuna mtu amekuambia hapa wanatoa leseni? Umeona mtu anaingia? Anatoka?"

Katika hatua hii ya mradi, kuingia na kutoka hakujapewa kipaumbele.

"Na wewe leseni unaitakia nini?"

Kwa pikipiki yangu! Wati elfu tatu si mchezo!

Hapo ndipo Ndugu Sajenti Cruzata alipovua kofia yake ngumu, akajifuta jasho, akavuka watu taratibu hadi kwenye pikipiki yangu nyekundu. Akainama, akasoma kibandiko, akasoma tena. "Crescencio," akasema, si kwa sauti ya polisi, "mimi nimekuona ukipanda kile kilima. Sasa nisikilize vizuri. Kama hii ni ya elfu tatu, basi haina namba na wewe huna leseni, na mbele ya watu wote hawa naichukua, sina njia. Lakini kama ni ya mia tisa, yeyote mwenye kofia ngumu anaweza kuipanda sasa hivi na kumpakia mama yake, na mimi sina neno. Sema wewe. Ni ngapi?"

(Hata Eulalia aliacha kusokota karatasi za karanga.)

"Sema, babu!" akaita Osniel, lakini safari hii bila kucheka.

Nikamtazama Caridad. Caridad hakunitazama kwa kuomba; hajawahi kuwa mtu wa kuomba. Akasema tu, "Cheno, kama betri imeisha usijisumbue." Cheno ndiyo jina waliloniita kiwandani, na aliyebaki wa kuniita hivyo ni yeye peke yake.

Betri imejaa, Caridad. Mimi huendesha kwa hekima, yaani mara chache.

Ndugu wananchi! Nipeni masikio! Kwa mamlaka niliyonayo kama Mratibu, baada ya tafakuri ya kina na mashauriano na nafsi yangu, natangaza Hatua ya Dharura ya Kupunguza Nguvu kwa Hiari! Kuanzia sasa, kwa manufaa ya umma, naishusha pikipiki yangu kutoka wati elfu tatu hadi wati mia tisa, kitendo ambacho fundi wa mkoa angehitaji mashine na wiki nzima kukifanya, na mimi nakifanya kwa kucha ya kidole gumba!

(Nikaibandua elfu tatu. Ilishika sana, gundi ile niliichagua mwenyewe. Chini yake palikuwa na kibandiko kingine cha mia tisa. Kwamba kilikuwa kimepauka na kuingia vumbi la kiwandani ni maneno ya Osniel. Makofi. Haya hata Osniel hayakanushi, maana naye alipiga.)

Yusleidis akavaa kofia yake, Caridad akavalishwa ya Sajenti, mkoba ukafungwa mbele, nikampa funguo. Wakaondoka kwa mwendo wa heshima. Nami, kwa kuwa hotuba isiyofikishwa mwisho ni aibu kwa mtoaji, nikawageukia waliobaki.

Nikisema "Wati!", semeni "Kwa kiasi!" Wati! (Kwa kiasi, walisema wachache.) Nikisema "Leseni!", semeni "Ni haki!" Leseni! ("Iko wapi?" walisema wengi, sivyo nilivyowafundisha.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Arsenio, fundi viatu, aliyefunga duka akaenda kuishi na binti yake ng'ambo, akatuachia ngazi zenye kivuli mpaka saa sita. Nalishukuru goti langu la kushoto, ambalo asubuhi ile lilikataa kwenda mbele zaidi ya ngazi hizi, na bila hilo nisingekaa hapa. Namshukuru shemeji yangu kwa mabaki ya rangi ya buluu ambayo kwayo niliandika OFISI YA LESENI juu ya mlango, watu walipozidi kuniuliza kama ni hapa nami nikaona aibu kuwajibu mmoja mmoja. Namshukuru Mheshimiwa Mjumbe, aliyepita kwa gari, akaona foleni, akaniteua kupitia dirishani bila kushuka. Naishukuru wilaya, inayoamini kuwa ofisi hii ni ya mkoa, na naushukuru mkoa, unaoamini kuwa ni ya wilaya. Na ndani ya mlango huu, kama Osniel anavyoweza kuona sasa hivi kwa kuwa ameshaupiga bega, kuna viatu vya mguu mmoja mmoja na kuku wa Mirtha, ambaye anatamia. Naomba asisumbuliwe. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja alisema basi twendeni nyumbani, mwingine akamjibu, "Na nafasi yangu?" Muda si mrefu alikuja mgeni kutoka mashambani, akiisukuma pikipiki kubwa iliyoishiwa betri, akauliza wa mwisho nani, na mikono mitatu ikanyooshwa.)

Haya ndiyo niliyosema. Asiyeamini amuulize Sajenti Leonel Cruzata, ambaye kibandiko cha elfu tatu anacho mpaka leo kwenye droo yake, na pikipiki ya Yusleidis bado anayo uani, akimwagilia maua yanayoizunguka. Amuulize Eulalia wa karanga. Zaidi ya wote amuulize Caridad Tamayo, ambaye saa tano ilimkuta tayari amelala kwenye mashine yake, na ambaye tangu siku hiyo hapandi mkokoteni wa Ñico. Atawaambia kwamba pale kwenye kilima Yusleidis alilazimika kushuka na kusukuma. Ni kweli. Lakini mkumbusheni kwamba zile wati nyingine nilizitoa mwenyewe, mbele ya watu wote.